Amri Iliyoshuka na Taarifa Iliyokwama: Historia ya Njia za Mawasiliano Kazini katika Kilima cha Kagarama, Kigali

Utangulizi

Mfanyakazi wa ofisi ya tarafa ya Kagarama, wilayani Kicukiro katika Jiji la Kigali, anapotoka nyumbani asubuhi husema kwa Kinyarwanda kwamba anakwenda kwenye 'akazi'. Akifika huketi mbele ya 'ameza', hushika 'ikaramu', hutazama 'isaha', hupokea 'ibaruwa', na mwezi ukiisha hungojea 'umushahara'. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili ayatambue maneno hayo. Wiki hiyohiyo mfanyakazi huyo ataandika 'raporo' na kuitia katika 'dosiye' inayokaa kwenye 'ibiro', maneno matatu ambayo asili yake ni Kifaransa. Lakini akiitwa mkutanoni ataitwa kwenye 'inama', akitangaza jambo atatoa 'itangazo', na akiweka ahadi ya kazi mbele ya mkubwa wake ataweka 'umuhigo'. Hayo ni Kinyarwanda chenyewe. Hakuna aliyekopeshwa wala aliyekopa.

Aghalabu maneno ya mkopo huchukuliwa kuwa ushahidi wa mgusano wa lugha, na mjadala ukaishia kwenye orodha. Makala haya yanayasoma kama tabaka za udongo zinazoonyesha nani alifika lini na alifika na shughuli gani. Hoja yake ni kwamba kila utawala uliopita katika vilima hivi ulijenga njia yake ya kushusha amri, na lugha ya njia hiyo ikaacha maneno ofisini. Ila njia ya kupandisha taarifa, yaani ya aliye chini kusema na kusikilizwa na aliye juu, haikujengwa kwa bidii hiyo, na pengine ilibomolewa kwa makusudi. Kagarama imechaguliwa kwa sababu ni tarafa ya kawaida, mojawapo ya kumi za Kicukiro, yenye kata tatu za Kanserege, Muyange na Rukatsa, iliyo kando ya barabara iendayo Bugesera na mpaka wa Burundi. Imechaguliwa pia kwa sababu ndani yake kuna kilima cha Nyanza, ambako gharama ya taarifa iliyokwama inaonekana kwa macho. Nyanza hiyo isichanganywe na Nyanza ya kusini, iliyokuwa makao ya mfalme, ambayo nayo itatajwa.

Kilima kimoja, wakubwa watatu

Kabla ya mji wa Kigali kuwapo, vilima hivi vilikuwa sehemu ya Bwanacyambwe. Mwishoni mwa karne ya 19, katika sehemu nyingi za Rwanda ya kati, kilima kimoja kiliweza kuwa chini ya wakubwa watatu: mkubwa wa ardhi, mkubwa wa malisho, na mkubwa wa jeshi. Kila mmoja alidai chake, na mzigo wa mkulima ulikuwa mzito. Kazi ya shuruti iliyoitwa 'uburetwa', iliyoshika mizizi wakati wa mfalme Rwabugiri, haikuwa jambo la kuonewa fahari. Hata hivyo mpangilio huo ulikuwa na sifa moja ambayo historia ya mawasiliano haiwezi kuipuuza. Kila mkubwa alikuwa na njia yake ya kufika kwa mfalme. Mtu aliyebanwa na mmoja aliweza kumkimbilia mwingine, na malalamiko yake yakapanda kwa mlango wa pili. Si kwamba yalisikilizwa kila mara. Lakini mlango ulikuwapo, na aliyekuwa akibana alijua kwamba upo.

Mwaka 1907 Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali akiwa mwakilishi wa serikali ya Ujerumani, alikuwa na Wajerumani wachache mno kuweza kutawala nchi ya vilima. Alitawala kwa kupitia kwa mfalme, na alizungumza kwa kupitia Kiswahili. Utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani ulikuwa tayari umeifanya lugha hiyo kuwa lugha ya ofisi zake, na ilifika Kigali vinywani mwa askari, makarani, wakalimani na wafanyabiashara waliotoka Pwani, Tabora na Ujiji. Mfalme Yuhi Musinga mwenyewe, huko Nyanza ya kusini, alijifunza kusoma na kuandika Kiswahili, akapunguza utegemezi wake kwa wakalimani. Hapo pana jambo la kuangaliwa: kwa muda mfupi Kiswahili kilikuwa lugha iliyokwenda pande zote mbili, kutoka kwa Mzungu kwenda kwa mfalme na kutoka kwa mfalme kwenda kwa Mzungu. Chini ya mfalme haikuwa hivyo. Kwa mtu wa kilimani, Kiswahili kilikuwa lugha ya yule aliyesimama kando ya bwana akiyageuza maneno, na hakuna aliyeweza kupima kilichoongezwa au kupunguzwa njiani.

Akazi na kiboko

Wabelgiji waliiteka Kigali mwaka 1916, na katika miongo miwili iliyofuata neno 'kazi' lilipata historia yake mpya. Pwani, kazi ni neno lisilo na kinyongo. Huku juu, likiwa limevishwa kiambishi cha Kinyarwanda, 'akazi' lilikuja kumaanisha kazi ya shuruti ya serikali: barabara, matuta ya kuzuia mmomonyoko, ukaushaji wa mabonde, kilimo cha lazima cha mazao ya kukinga njaa. Lilifuatana na neno jingine la Kiswahili ambalo Wanyarwanda wazee hulitumia kuwa jina la zama nzima, 'ikiboko'. Kama mawasiliano kazini ni kupitisha ujumbe kutoka kwa anayetaka kazi hadi kwa anayeifanya, basi kiboko kilikuwa mojawapo ya njia zake, na ujumbe wake haukuhitaji mkalimani.

Lililo zito zaidi lilifanyika kwenye karatasi. Kuanzia mwaka 1926, katika mageuzi yanayohusishwa na Mkazi Georges Mortehan, wakubwa watatu wa kilima walifutwa na mahali pao pakawekwa mmoja. Watawala waliona wanarahisisha. Amri moja ingeshuka kwa mtu mmoja, naye angewajibika kwa kodi, barabara na mashamba. Kwa kipimo cha amri walikuwa sahihi. Kwa kipimo cha taarifa walikuwa wameziba mlango wa pili na kuukabidhi wa kwanza kwa yuleyule anayelalamikiwa. Mkubwa aliyeshindwa kutimiza idadi ya vibarua aliweza kuondolewa; aliyewaonea vibarua aliweza kukaa. Mwaka 1931 Musinga naye aliondolewa madarakani, na mwanawe, Mutara Rudahigwa, akasimikwa mahali pake.

Watu waliokosa njia ya kusema juu walisema kwa miguu. Katika miaka ya 1920 na kuendelea, maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Uganda na Tanganyika, kutafuta ujira na kuikimbia akazi. Ofisi za Kibelgiji ziliwahesabu kama wahamiaji. Pengine ingekuwa sahihi zaidi kuwahesabu kama barua ambazo hazikufunguliwa.

Lugha ya ofisi nayo ilikuwa ikibadilika. Makao makuu ya Ruanda-Urundi yalikuwa Usumbura, na lugha ya maandishi ikawa Kifaransa. Shule ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya Mabruda wa Upendo, ililea kizazi cha makarani na wasaidizi wa utawala, wengi wao watoto wa wakubwa, waliojua kuandika raporo kama bwana alivyotaka isomeke. Kiswahili kilirudi nyuma kwenye mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, sokoni, katika malori na gereji, kikabandikwa sifa ya lugha ya wahuni na ya watu wasio na kilima. Kinyarwanda kilipata gazeti lake, Kinyamateka, mwaka 1933, kutoka misheni ya Kabgayi. Hivyo mgawanyo ukakamilika: raporo kwa Kifaransa kwenda juu, amri kwa Kinyarwanda kwenda chini, na katikati mtu mmoja mwenye kujua vyote viwili.

Uhuru wa mwaka 1962 uliifanya Kigali, mji wa watu wapatao 6,000, kuwa makao makuu ya nchi. Majina ya ngazi yakawa 'komini', 'segiteri' na 'serire', na katika ngazi ya chini kabisa likaja kutumika neno lililovuka mpaka kutoka Tanzania, 'nyumbakumi'. Mwaka 1974 serikali ya Juvénal Habyarimana iliifanya 'umuganda', desturi ya kale ya kusaidiana, kuwa kazi ya lazima ya kila wiki, na mwaka uliofuata chama cha MRND kikaundwa ambacho kila Mnyarwanda alikuwa mwanachama wake apende asipende. Rwanda ya miaka ya 1980 ilikuwa na mojawapo ya mifumo timamu ya kushusha amri barani Afrika. Neno lililotoka Kigali asubuhi liliweza kufika nyumba ya mwisho ya kilima cha mwisho.

Aprili 1994

Katika Kicukiro kulikuwa na shule ya ufundi ya Wasalesiani iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, ETO. Mwanzoni mwa Aprili 1994 ilikuwa kambi ya askari wapatao 90 wa Ubelgiji waliokuwa katika UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa kwa azimio namba 872 la Oktoba 1993. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu takriban 2,000 walikimbilia hapo.

UNAMIR nayo ilikuwa mahali pa kazi. Ilikuwa na mkuu wa kikosi, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Ilikuwa na mwakilishi maalumu wa Katibu Mkuu, ofisi ya makao makuu New York, simu, redio na faksi. Tarehe 11 Januari 1994 Dallaire alituma New York ujumbe kuhusu mtoa habari aliyeeleza juu ya silaha zilizofichwa na mipango ya kuwaua Watutsi, akaarifu kwamba alikusudia kuzikamata silaha hizo. Jibu lilimkataza, likamwelekeza awaarifu Rais Habyarimana na balozi tatu, za Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Kwa maana ya kiofisi mawasiliano yalifanyika kikamilifu: ujumbe ulitumwa, ulipokewa, ulijibiwa haraka, na jibu lilifuata ngazi. Tume huru iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, iliyotoa ripoti yake Desemba 1999, iliona kwamba taarifa hiyo ilipaswa kufikishwa kwa Baraza la Usalama. Haikufikishwa. Ilisimama kwenye meza ya watu waliokuwa na haki ya kuisimamisha.

Tarehe 11 Aprili askari wa Ubelgiji waliondoka ETO. Walioondoshwa pamoja nao walikuwa wageni, Wanyarwanda waliachwa. Tume ya Carlsson ilieleza kwamba kama uamuzi mkubwa kiasi hicho ulifanywa bila amri ya mkuu wa kikosi, basi hilo lenyewe lilionyesha kasoro kubwa za uongozi ndani ya kikosi, na ikalaani jinsi wakimbizi walivyofanywa waamini kwamba askari hawaondoki. Mamia ya kurasa zimeandikwa kuhusu nani alimwambia nani nini siku hiyo. Watu wa ETO hawakuwa na njia ya kuuliza. Waliswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, katika Kagarama ya leo, na huko wengi wao wakauawa.

Mfumo mwingine wa mawasiliano, katika siku hizohizo, ulikuwa ukifanya kazi bila kukwama. Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza Julai 1993, kilisema Kinyarwanda cha mitaani, chenye mizaha na muziki, na kilisikika penye wauaji na penye waliojificha. Ngazi za utawala zilizojengwa kwa miaka ishirini zilishusha amri kama zilivyozoea. Na neno lililotumika kuitaja shughuli yenyewe lilikuwa 'gukora', kufanya kazi. Théodore Sindikubwabo, rais wa serikali ya muda, alipohutubia Butare tarehe 19 Aprili, alizungumza kwa lugha hiyo ya kazi, na waliomsikia walimwelewa. 'Akazi' likatumika vivyo hivyo. Wataalamu wa semantiki huliita jambo hili tasfida. Neno hilo ni dogo mno hapa. Tasfida huficha aibu. Lugha ya kazi mwaka 1994 ilifanya zaidi ya kuficha, kwa kuwa ilimweka muuaji katika nafasi ambayo mwananchi wa kilimani alikuwa ameizoea tangu enzi ya babu yake: nafasi ya mtu aliyepokea agizo kutoka juu, mwenye wenzake wa zamu na saa ya kuanza, na ambaye hakuna siku aliyopewa mlango wa kusema hapana.

Ofisi ya lugha nne

Baada ya Julai 1994 ofisi za Kigali zilijaa watu waliorudi kutoka uhamishoni kwa njia tofauti: Uganda na Kiingereza, Burundi na Kongo pamoja na Kifaransa na Kiswahili, Tanzania na Kiswahili. Jeshi la RPA, ambalo viongozi wake wengi walipitia NRA ya Uganda, lilikuja na Kiswahili cha kambini. Palikuwa na ofisi ambamo waraka wa chumba kimoja haukusomeka katika chumba cha pili, na kilichowaunganisha wote kilikuwa Kinyarwanda, lugha ambayo karibu kila mtu aliijua na ambayo kwa muda mrefu haikuhesabiwa kuwa lugha ya mafaili. Katiba ya mwaka 2003 iliweka Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwaka 2008 Kiingereza kikaamuliwa kuwa lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne.

Ngazi nazo zilibadilishwa. Mageuzi ya mwaka 2006 yaliunda wilaya 30, tarafa 416 na kata 2,148, na majina ya Kifaransa yakaachwa: segiteri ikawa 'umurenge', serire ikawa 'akagari'. Mwaka huohuo mikataba ya 'imihigo' ilianza kutiwa saini kati ya wilaya na Rais wa Jamhuri. Zamani umuhigo ulikuwa kiapo cha shujaa mbele ya mfalme, kikitamkwa na aliye chini kwa hiari yake na kwa kujivuna. Katika sura yake ya sasa una malengo, takwimu na alama. Mtu anaweza kusema kwamba hapa hatimaye pana njia ya kupanda, kwa kuwa anayeahidi ni wa chini. Ndivyo, kwa sehemu. Kinachopanda ni idadi ya lengo lililotimizwa. Sababu za kutotimizwa husafiri kwa shida zaidi. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa upande wake, una kipengele ambacho hakikuwa na uzito huo katika miaka ya 1970: kazi ikiisha, watu huketi na kuzungumza. Anayetaka kujua kama taarifa inapanda Kagarama angefanya vyema kuitazama nusu ya pili ya asubuhi hiyo kuliko ya kwanza, na kuangalia nani husimama kuuliza, na kama swali lake huandikwa mahali popote.

Mwaka 2020, wakati wa amri ya kutotoka nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19, polisi wa Kigali walitumia hata ndege zisizo na rubani zenye vipaza sauti kuwakumbusha watu wabaki ndani. Ni vigumu kupata picha iliyo wazi zaidi ya njia ya kushuka. Makundi ya WhatsApp ya vijiji, yaliyokuwapo kabla ya hapo na yaliyozidi kushamiri katika miezi hiyo, ni kitu cha jinsi nyingine, kwa kuwa mwanakijiji anaweza kujibu papo hapo na jirani zake wote wakaona jibu lake. Ila kundi lina msimamizi, na msimamizi ndiye anayeweza kufunga mlango ili yeye tu aandike.

Na Kiswahili? Makongamano ya Kiswahili yameipokea sheria ya mwaka 2017 kwa vigelegele, na vigelegele vina haki yake. Lakini historia iliyoelezwa hapa inadai tahadhari. Kiswahili kiliwahi kuwa lugha ya ofisi Kigali, kikiwa lugha ya aliyetumwa na mkubwa, na kilipoondoka ofisini hakuna mtu wa kilimani aliyekililia. Kikiletwa tena kwa waraka tu, kitakuwa lugha ya nne ya kuandikia kile ambacho aliye chini hawezi kukijibu. Mahali ambapo Kiswahili kinafanya kazi kikamilifu wilayani Kicukiro si ofisi ya tarafa. Ni Gikondo, kwenye maghala ya forodha ya MAGERWA, na siku hizi Masaka, kwenye bandari kavu, ambako dereva wa lori kutoka Dar es Salaam au Mombasa, wakala wa forodha na mpakuzi hupatana juu ya hati, uzito, foleni na malipo. Hakuna aliyewaamuru. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, kila mmoja anaweza kukataa, na kwa hiyo lugha inakwenda pande zote.

Katika masoko na vituo vya mabasi vya jiji hili, wabebaji mizigo huitwa 'abakarani ngufu', makarani wa nguvu. Neno lililofika Kigali na kalamu mkononi limeshuka hadi kwenye magunia ya viazi. Kazi ya karani wa zamani, hata hivyo, haikufa. Tangu mwaka 2015 huduma nyingi za serikali hupatikana kwa mtandao wa Irembo, jina ambalo maana yake ni lango, na asiyejua kutumia kompyuta au simu janja huenda kwa wakala. Wakala husikiliza, hujaza fomu, huchagua katika orodha kipengele kinachokaribia alichosikia, hutuma, kisha humsomea mteja jibu likirudi. Mama mmoja wa Rukatsa au Muyange anaweza kueleza shida yake kwa dakika kumi. Fomu ina nafasi ya mistari miwili.